Nyota iliyonyamaza haijafa

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea vizuri hapa Manchester. Natumaini wewe na wadogo zangu hamjambo.

Swali lako la juzi kwenye simu sijaliacha. Uliniuliza, nyota ikinyamaza si ndiyo imekufa? Muda ulituishia kabla sijakujibu sawasawa, na kwa kuwa hilo ndilo hasa ninalolisomea, nimeona nikuandikie. Haijafa, Mama, na tunao ushahidi.

Nyota ninazozizungumzia huitwa pulsa. Pulsa ni kiini kinachobaki nyota kubwa ikishalipuka. Uzito wake huzidi ule wa jua letu, ila wote umebanwa ndani ya tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi. Tufe hilo linazunguka, na kutoka kwenye ncha zake za sumaku hutoka miali ya mawimbi ya redio. Fikiria mnara wa taa unaoongoza meli: kila mwali unapopita upande wetu, darubini hupokea pigo moja. Jocelyn Bell ndiye aliyeyagundua mapigo hayo kule Cambridge mwaka 1967, yakija kila baada ya sekunde 1.34 hivi.

Mwaka 1970 mwanaastronomia Don Backer akaeleza kwamba baadhi ya pulsa hukatiza mapigo. Mimi mwenyewe huwa nayatazama haya kwenye skrini. Tunaipanga mizunguko ya nyota mmoja juu ya mwingine, kila mzunguko na mstari wake, na mapigo yanajipanga katikati kama utepe unaong'aa. Ghafla mistari inakuwa mitupu, hakuna kitu ila chenga za kelele. Kisha utepe unarudi, na unarudi pale pale ulipotakiwa kuwa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nyota ingekuwa imesimama kisha ikaanza upya, mapigo yasingeweza kuangukia mahali pale. Kwa hiyo muda wote huo ilikuwa ikizunguka tu.

Sasa kinachokatika ni nini? Sumaku yenye nguvu kiasi hicho ikizunguka, huzalisha umeme wa kutisha. Umeme huo huzisukuma chembe zilizo juu ya ncha za sumaku kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Chembe hizo hutoa mionzi ya gama, nayo mionzi, ikiwa ndani ya uga mkali wa sumaku (eneo linalotawaliwa na nguvu ya sumaku), hugeuka kuwa elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), ambazo nazo huzaa nyingine, na nyingine tena. Mawimbi ya redio hutokana na mkondo huo wa chembe. Pulsa ikizeeka mzunguko wake hupungua kasi, umeme hupungua, na mkondo huwa mgumu kuendelea. Ndiyo maana pulsa za umri mkubwa ndizo zinazonyamaza zaidi.

Wapo wanaosema kwamba mwali haujakatika, ila umeelekea pengine, au sisi tunatazama kwenye upenyo ulio kati ya miali midogo. Kwa baadhi ya pulsa maelezo hayo yanafaa. Lakini ipo pulsa moja, B1931+24, ambayo kwangu mimi inaumaliza ubishi, angalau kwa upande wake. Ilifuatiliwa hasa kwa darubini ya Lovell, sahani yenye upana wa mita 76 iliyopo Jodrell Bank, kusini mwa jiji hili. Hutoa mapigo kwa siku 5 hadi 10, kisha hunyamaza kwa siku 25 hadi 35, na kuzimika kwenyewe huchukua chini ya sekunde 10. Mwaka 2006 Michael Kramer na wenzake walionyesha kwamba ikiwa inatoa mapigo, mzunguko wake hupungua kasi kwa asilimia 50 zaidi kuliko ikiwa kimya. Mwali ungekuwa umegeukia kwingine tu, breki zisingebadilika. Ule mkondo wa chembe huondoka na nguvu ya mzunguko, kwa hiyo ukikatika, nyota hupata nafuu. Napenda sana hoja hii, maana wameutambua mkondo wasiouona kwa kupima saa tu!

Linalobaki kubishaniwa ni kinachoubonyeza huo mkondo ukatike, tena kwa haraka hivyo. Wengi, nami nikiwemo, tunaelekea kuamini kwamba uga mzima wa sumaku unaoizunguka nyota una hali zaidi ya moja, na huruka kutoka hali moja kwenda nyingine. Mwaka 2013 ilionekana kwamba pulsa B0943+10 ikififia kwenye redio, eksirei zake huongezeka, na vyote hubadilika kwa wakati mmoja. Badiliko la namna hiyo si la mwali peke yake.

Mdogo wangu aliuliza kimya kinaweza kuwa kirefu kiasi gani. Mwambie kuhusu J1841-0500: ilinyamaza kwa siku zipatazo 580, kisha ikarudi, na iliporudi breki zake zilikuwa na nguvu kama mara 2.5 ya zile za wakati wa ukimya. Kama ana maswali mengine ayaandike kabisa, nitapiga Jumapili.

Wasalimie wote.

Mwanao akupendaye