Ile dina ya pho (supu ya tambi ya Kivietnam) mliyotuambia ni halali

Habari za kazi,

Naandika kuhusu dina ya kukaribisha wanafunzi wapya mliyotulipisha humohumo kwenye pakeji ya kuja Malaysia, ile ya mgahawa wa Kivietnam hapa Kuala Lumpur. Kwenye meseji ya grupu mliandika kabisa "ni halali, msiwe na wasiwasi".

Wengi wetu tumetoka Zanzibar na Tanga, tukala tukijua nyie wakala mshahakikisha, mpaka dada mmoja akauliza zile chả giò, zile za kukaanga zilizoviringishwa ndefu, ndani kuna nyama gani, mhudumu akajibu bila kuficha, ni nguruwe, na supu ya pho nayo wanachanganya mifupa ya ng'ombe na ya nguruwe. Meza nzima kimya, kuna mdogo wetu alilia sana. Mgahawa siulaumu, ukutani hawakubandika alama yoyote ya halali na walipoulizwa wamesema kweli. Waliosema uongo ni nyie.

Nimempigia afisa wenu kaniambia poleni, siku nyingine atatafuta pale palipoandikwa hawauzi nguruwe. Jamani hiyo nayo haitoshi! Huyo kuku kachinjwa na nani, huyo ng'ombe je, na kwenye sufuria hawatii pombe? Hapa Malaysia sheria ya 2011 hairuhusu mtu kuita chakula halali mpaka kithibitishwe na JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, au baraza la dini la jimbo, na alama yao inajulikana, duara lenye nyota ya pembe nane na neno halali kwa Kiarabu. Mtu wenu angefika tu mlangoni siku moja kabla angeona haipo.

Kinachoniuma zaidi chakula chenyewe ni kitamu mno. Pho ya ng'ombe ikipikwa inavyotakiwa mifupa inachemka masaa na masaa na mdalasini, karafuu, tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni, vitu ambavyo mtu wa pwani anavijua kwa harufu tu, halafu mezani unakamua ndimu na kuchambua mrehani mwenyewe. Sasa wale wadogo wameapa hawagusi tena chochote cha Kivietnam, wakati Waislamu wa Vietnam wapo, watu wa kabila la Wacham, baadhi yao walihamia Malaysia baada ya vita vya Vietnam kuisha 1975, na wapo wanaopika pho halali kabisa, nimekula kwao na roho imetulia. Kwanini hamkuuliza hata wanafunzi wa zamani?

Nataka hela ya dina irudishwe kwa kila aliyelipa, pesa taslimu sio punguzo la mwakani. Nataka muombe radhi kwenye grupu lilelile mlikoandika halali. Na ile orodha yenu ya migahawa muifute leo, kuna wenzetu wanapanda ndege mwezi ujao na wanaisoma hivyohivyo ilivyo.

Nasubiri majibu kwa maandishi, sio kwa simu.

Mwanafunzi mliyemleta,
Kuala Lumpur