Barua kwa mwanangu: mchuzi wa ng'ombe bila pakiti

Tororo

Mwanangu,

Hujambo? Huku nyumbani sote wazima. Uliniuliza kwa simu kwa nini mchuzi wako unabaki maji matupu mpaka umwagie pakiti mbili za unga wa mchuzi, na kwamba mapishi uliyoyaona kwenye intaneti yanataka kikombe cha mvinyo mwekundu. Mambo ya jikoni hayaelezeki kwa muda wa simu. Nakuandikia, uiweke karatasi hii karibu na sigiri.

Igeuze kwanza hiyo pakiti usome nyuma. Mara nyingi utakuta chumvi, wanga wa mahindi, sukari kidogo, kikoleza ladha na bizari. Nao mvinyo kazi yake ni uchachu, utamu kiasi na harufu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho soko la Kalerwe, hapo Kampala, halina.

Tuanze na nyama. Usipoteze pesa kwa steki, hiyo ni ya kukaanga upesi. Mwambie mwenye bucha akukatie kilo moja ya shingo, kifua, au mguu chini ya goti, pale penye mishipa myeupe, na akuongezee mfupa mmoja wenye uboho. Ile mishipa myeupe ndiyo inayoyeyuka polepole na kuufanya mchuzi uwe mzito, unate kidogo mdomoni. Vipande viwe vikubwa, kama kiberiti, kwa sababu vitanywea. Kama una friji, nyama iliyochinjwa alfajiri ile ile iache ilale humo mpaka kesho, maana ya siku hiyo hiyo huwa imekakamaa. Kama huna, ipike leo leo na ongeza muda.

Ipanguse kwa kitambaa safi mpaka ikauke, kisha ipake kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi. Watu wengi hudharau kazi hii ya kupangusa, na hapo ndipo mchuzi wao unapoanza kuharibika. Nyama yenye maji haikaangiki, inachemka. Weka sufuria nzito kwenye moto mkali, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, na usubiri mpaka mafuta yatulie na kung'aa. Tia theluthi tu ya nyama. Sikiliza: inatakiwa ilie kwa nguvu. Ikinyamaza na kuanza kutoa maji ya kijivu, umejaza sufuria kupita kiasi; toa nusu. Usiigeuzegeuze. Kila upande uache dakika tatu au nne, upate rangi ya kahawa iliyokaangwa, ndipo ugeuze. Ikiwa imeng'ang'ania chini, bado haijawa tayari. Ikishapata rangi inajiachia yenyewe. Fanya hivyo mara tatu, nyama yote ikae pembeni kwenye sahani.

Najua wengi Uganda huchemsha kwanza, halafu ndipo wanakaanga. Si kosa kwa nyama ya ng'ombe mzee, lakini wengine humwaga yale maji ya kuchemshia, na hapo wamemwaga mchuzi wenyewe.

Chini ya sufuria utaona utando wa rangi ya hudhurungi. Hiyo ni ladha, usiioshe. Tia nusu kikombe cha maji na ukwangue kwa mwiko wa mti mpaka yote iyeyuke, kisha yamimine hayo maji kwenye sahani ya nyama. Ila ukiona utando umekuwa mweusi, onja kidogo. Ukiwa mchungu, osha sufuria uanze na mafuta mapya, kwa sababu uchungu huo hautoki kwa dawa yoyote.

Sasa vitunguu, na hapa nataka utulie. Vitunguu vyekundu vitatu vikubwa, vyembamba, na chumvi ya kubana kwa vidole. Moto wa wastani, robo saa hadi dakika ishirini, mpaka vilainike, vinywee na kuwa vya kahawia. Utamu wa mchuzi unatoka hapa, si kwenye sukari. Kosa la kila siku ni kutia nyanya wakati vitunguu bado vyeupe. Nyanya ina uchachu na maji mengi. Ikishaingia, kitunguu hakipati rangi tena, nacho kinabaki na ile harufu ya ubichi hata upike mpaka usiku.

Fuatisha punje nne za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vilivyotwangwa, kwa dakika moja tu. Halafu kijiko kimoja cha chai cha jira na viwili vya mbegu za dania, uliyoyakaanga makavu na kuyatwanga mwenyewe, na nusu kijiko cha pilipili manga. Kijiti cha mdalasini ukipenda. Mimi karafuu siipendi kwenye mchuzi wa ng'ombe, inajifanya bwana.

Nyanya sita zilizoiva sana, uzikwaruze. Zipike bila kifuniko mpaka mafuta yajitenge pembeni, dakika kama ishirini. Nyanya iliyoiva ina glutamati, kitu kile kile kinachotiwa kwenye pakiti kama kikoleza ladha, na maji yake yakipungua nguvu yake inaongezeka. Ukipata uyoga mkavu, saga utie kijiko kimoja cha chai. Nao una kitu hicho hicho. Mukene, wale dagaa wadogo wakavu wa ziwani, uliosagwa unafaa pia, lakini nusu kijiko, la sivyo utakula mchuzi wa samaki.

Rudisha nyama na maji yake, tia mfupa, ongeza lita moja ya maji ya moto, yafike karibu juu ya nyama bila kuizamisha. Ikichemka, punguza mkaa au ufunike kwa majivu. Unataka povu dogo linalopanda moja moja. Mchemko wa fujo unakaza nyama na kuikamua maji, ikauke mdomoni ingawa imelowa kwenye mchuzi. Funika, acha upenyo mdogo. Na usishangae mapishi ya watu wa pwani yakisema saa moja na nusu: Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemkia karibu nyuzi 96, si 100. Kwa hiyo nyama inachelewa kuiva; wewe hesabu saa mbili na nusu. Kule Kabale, ambako ni juu zaidi, ongeza tena.

Mtu akikuambia utie vidonge vya paracetamol ili nyama iive upesi, usimsikilize. Hiyo ni dawa, na ikizidi inaharibu ini. Kama nyama ni ngumu kweli, paka kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililokwaruzwa kwa nusu saa, kisha liondoe kabla ya kukaanga. Ikizidi hapo, nyama inakuwa uji kwa nje.

Baada ya saa moja na nusu, tia karoti mbili na viazi mbatata vitatu vilivyokatwa vikubwa. Kwenye mchuzi wa nyanya viazi vinachelewa kulainika kuliko kwenye maji matupu, kwa hiyo usivitie mwishoni. Kimoja ukiponde kwenye mchuzi; kitaufanya mzito bila unga wowote.

Chumvi nyingine onja mwisho, maji yakishapungua. Ukiona ladha imelala ingawa chumvi inatosha, haitaki chumvi tena, inataka uchachu: maji ya nusu ndimu, au kijiko cha ukwaju ulioloweshwa, baada ya kuepua. Hapo ndipo mvinyo ungefanya kazi yake. Majani ya dania juu.

Iache robo saa kabla ya kupakua kwa posho (ugali) au matoke. Itakayobaki, ipoe, iingie friji, na kesho uipashe mpaka ichemke kabisa. Ya kesho ndiyo tamu zaidi, usimalize yote leo na marafiki zako.

Mama yako