Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Homa Iliyoitwa Malaria

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Kenya.

KUH: WANAWAKE WANAOPATA MAAMBUKIZI YA MOYO BAADA YA KUAVYA MIMBA

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Niliwahi kukuandikia kwa njia ya kawaida, barua ikapigwa mhuri, na hadi leo sijapata jibu. Sikupenda kuyaanika mambo ya nyumbani kwetu mbele za watu. Lakini juma lililopita binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo, alirudi kutoka zahanati na pakiti ya dawa za malaria, na homa ambayo imemganda tangu mwezi uliopita. Mamake aliniita pembeni akaninong'oneza kilichotangulia homa hiyo. Tulimpeleka hospitali kubwa siku iyo hiyo na bado anachunguzwa. Mheshimiwa, nimeyaona haya kwa mdogo wangu, hatua kwa hatua, na siwezi tena kunyamaza.

Mdogo wangu ana ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Ulimwanza akiwa shule ya msingi: koo lililouma bila kutibiwa, kisha magoti na viwiko vikavimba, na vali ya moyo, ule mlango mdogo wa kupitishia damu, ikabaki na kovu. Akawa anadungwa sindano ya penisilini kila mwezi. Baadaye tulihama, kliniki ikawa mbali, sindano zikakatika. Kadi yake ninayo mezani ninapoandika. Ina tarehe za sindano, ina uzito, ina mapigo ya moyo. Hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba msichana huyu, alipokuwa mwanamke, aliketishwa na mtu akaelezwa mimba ingeufanyia nini moyo wake, wala njia ipi ya kupanga uzazi ingemfaa mwenye vali mbovu.

Nilidhani ni mkosi wetu peke yetu. Kisha nikasoma juu ya utafiti uitwao REMEDY, uliowaandikisha wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki kati ya 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen. Thuluthi mbili yao ni wa kike. Nusu yao hawajapita miaka 28. Kati ya wanawake 1,825 wa umri wa kuzaa, waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi ni asilimia 3.6 tu. Miaka miwili baadaye, karibu asilimia 17 ya wagonjwa waliofuatiliwa walikuwa wamefariki. Takwimu hizi zimechapishwa, wataalamu wako wanazijua. Mimi, mwuza vitenge, nimezipata kwa simu. Wizara imezifanyia nini?

Mdogo wangu alipopata mimba aliingiwa na hofu, na hakuwa na wa kumwuliza. Katiba yetu, Kifungu cha 26(4), inaruhusu mimba kutolewa pale mtaalamu wa afya aliyefuzu anapoona uhai au afya ya mama imo hatarini. Mwenye vali iliyoharibika alistahili angalau kuketi mbele ya mtaalamu huyo, moyo wake ukapimwa na uamuzi ukatolewa kwa njia halali, iwe ni kuilea mimba chini ya uangalizi wa daktari wa moyo au kuitoa salama. Hakujua kwamba mlango huo upo. Sitaandika alikokwenda. Nitaandika yaliyofuata.

Ilianza homa ya jioni. Zahanati ya kwanza ikasema malaria. Ya pili ikasema taifodi, akapewa antibiotiki. Homa ikatulia kidogo, ikarudi na jasho la usiku la kulowesha shuka, na mwili ukaanza kukonda. Katika kituo kimoja muuguzi alimwuliza mbele ya foleni, kwa sauti iliyofika mwisho wa benchi: “Wewe umetoa mimba?” Mdogo wangu akasema hapana. Angesema nini, Mheshimiwa? Watu wote wamegeuka kumtazama, na kila mtu mtaani amewahi kusikia ya msichana aliyetolewa wodini na polisi. Toka hapo hakusema tena kwa mtu yeyote, hata kwangu.

Aliyemwokoa ni afisa wa kliniki kijana, katika hospitali nisiyoitaja jina, ambaye alimwona ameshika kikombe cha uji akazitazama kucha zake. Chini ya kucha mbili mlikuwa na vistari vyekundu vinavyokaribia weusi, kama vibanzi vya mti vilivyoingia ndani. Akaweka kikombe chini mwenyewe, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti akamwambia kwa sauti ya chini: “Dada, lolote utakaloniambia linabaki hapa. Nataka tu kujua nitibu nini.” Hapo ndipo alipolia na kusema yote.

Ndiyo endokaditisi, maambukizi ya ndani ya moyo. Walivyonieleza, vijidudu vikiingia kwenye damu kutoka kwenye mfuko wa uzazi uliojeruhiwa, hujishikiza kwenye vali na kuota hapo. Mwenye kovu la rumatiki huambukizwa kwa wepesi zaidi, ingawa hata vali isiyo na kasoro hushambuliwa. Kuna bakteria mmoja, streptokoka wa kundi B, ambaye wanawake wengi wanaye ukeni bila kuwadhuru, lakini akishafika kwenye vali huila upesi. Ili kumjua aliyesababisha, damu huoteshwa maabara, nayo inatakiwa ichukuliwe kabla ya antibiotiki. Ya mdogo wangu ilichukuliwa baada ya dawa za zahanati zote zile. Haikuota kitu. Madaktari wakatibu kwa kukisia.

Matibabu ni dawa za mshipani kwa majuma manne hadi sita. Tulipewa sita. Penisilini ilikuwa ikiisha hospitalini, nikawa nainunua duka la dawa lililo mkabala na lango, naikimbiza wodini kabla saa ya dozi haijapita. Mishipa ya mikono yake ilivimba, ikawa migumu, sindano ikahamia mguuni. Duka langu la vitenge nililifunga, kisha nikaliuza. Katika juma la tatu kipande cha uvimbe kilichomoka kwenye vali kikapanda hadi kwenye ubongo. Mkono wake wa kulia haufanyi kazi tena. Watoto wake wawili wanalala kwangu, na mdogo wao bado ananiuliza kwa nini mama anamsuka nywele kwa mkono mmoja. Sasa anahitaji vali mpya, na kila tuulizapo SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani, tunatumwa dirisha jingine.

Mimi si daktari na huenda nakosea, lakini naamini kilichomfikisha hapo zaidi ni kule kuulizwa mbele ya foleni. Vijidudu vilipata muda wote ule kwa sababu mgonjwa aliogopa kusema na mhudumu hakujua namna ya kuuliza. Ushauri nasaha baada ya kuavya mimba mnauweka mwisho wa orodha, kama kitu cha kufanywa nafasi ikipatikana. Kwa mdogo wangu ushauri huo ndio uliokuwa kipimo. Bila faragha na neno moja la upole, hakuna maabara ambayo ingepata la kupima.

Tena nchi hii inaweza. Ukimwi ulipotumaliza, tulifungua vituo vya VCT, vya ushauri na kupimwa kwa hiari, hadi vijijini, tukafunza watu kumkalisha mtu chumbani, kumweleza, kumsikiliza, na kutunza siri yake. Aibu ya ukimwi wakati ule ilikuwa kubwa kuliko hii.

Nikukumbushe pia ahadi zenu. Mnamo 2012 Wizara ilitoa mwongozo wa kupunguza vifo na maradhi yatokanayo na uavyaji mimba usio salama. 2013 Wizara hiyo hiyo, pamoja na shirika la utafiti la APHRC, ikatangaza kwamba katika mwaka 2012 mimba karibu 465,000 ziliavywa nchini, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa katika vituo vya afya kwa matatizo yake, zaidi ya robo tatu yao wakiwa na matatizo ya wastani au makubwa. Kabla mwaka haujaisha, Desemba 2013, mwongozo ukaondolewa. Mnajua idadi, kisha mnawanyang'anya wauguzi karatasi ya kuwaongoza! Mwaka uliofuata msichana wa miaka 14, anayejulikana katika kesi kama JMM, alibakwa, akaavishwa mimba mahali pasipo salama, akazungushwa hospitali hadi hospitali, na 2018 akafa kwa ugonjwa wa figo. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuuondoa mwongozo ule kulikiuka haki za wanawake. Nimesimama katika vyumba vya wauguzi nikauliza kama wamefunzwa mwongozo huo. Wananitazama kana kwamba nauliza habari za nchi nyingine.

Na huo mwongozo nao haujatosha, kwa sababu hakuna anayehesabu mioyo. Yaliyoandikwa duniani juu ya endokaditisi baada ya kuavya mimba ni zaidi taarifa za mgonjwa mmoja mmoja. Nchi yenye rumatiki nyingi na uavyaji mwingi usio salama ndiyo ingetakiwa kuufanya utafiti huu. KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, ipo, madaktari wa moyo wapo, na wagonjwa, kwa masikitiko yangu, wapo. Wafuatilieni wanawake wanaolazwa kwa maambukizi baada ya mimba kutoka: wangapi wana vali mbovu, wangapi homa inawarudia, wangapi wanaishia kupooza. Waulizeni kwa idhini yao, na majina yao yafichwe.

Ninajua utaniambia bajeti. Basi yaache yote niliyoomba na unipe hili moja, ambalo halihitaji mashine. Toa waraka kwa kila zahanati: mwanamke wa umri wa kuzaa akija na homa isiyoisha, aitwe ndani, mlango ufungwe, aulizwe kwa upole na aahidiwe siri. Akisema ndiyo, asihukumiwe na asiitiwe polisi. Moyo wake usikilizwe, na apelekwe haraka mahali damu inapoweza kuoteshwa kabla hajapewa dawa.

Binti wa jirani yangu atatolewa damu tena kesho asubuhi. Waraka huo unaweza kuusaini kesho hiyo hiyo, Mheshimiwa.

Wako mwaminifu,
Dada mkubwa wa mgonjwa,
Pwani.