Sikuja Arobaini, na Sikukwambia Kwa Nini

Tabora, Cheyo
21 Septemba

Shoga yangu Mwajabu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima. Kulwa anakusalimu, Doto yuko Dar na hatumi hata salamu, wajukuu wanakula tu. Haya, salamu zimekwisha.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Nikikupigia tunaishia kwenye bei ya mawese na vituko vya Bi Zaituni, salio linakata, na nililotaka kusema linabaki kooni. Juzi uliponitumia ile sauti ya kunisuta, "mwenzetu siku hizi mpaka aletewe kadi", nilicheka. Halafu nikairudia mara tatu, na si kwa ajili ya masuto. Katikati ulikohoa, ukasema "moshi huu", ukaendelea kunisema. Hicho kikohozi nitakirudia. Kwanza nilipe deni.

Arobaini ya mama. Nilikwambia nimepata dharura, ukasema sawa, na ile sawa yako naijua tangu tukiwa wasichana. Mwajabu, mimi siku ile nilipanda basi. Nilikuwa na mfuko wangu, na ndani yake shungi saba nilizowashonea mabinti wa hitima, nyeupe, pindo la mkono. Urambo tulipita vizuri. Kupita Kaliua pori linawaka kulia na kushoto, dereva kawasha taa saa nne asubuhi kama usiku. Watu wakafunga vioo, joto likapanda, wakafungua, moshi ukaingia wote. Nikavuta pampu yangu mara mbili, nikangoja, nikavuta tena. Kondakta ananitazama, ananiuliza, "Mama, una uchungu?" Miaka 54! Nikashuka kituo cha mbele, nikakaa kwenye baraza la duka la watu mpaka basi la kurudi likapita. Mama yako, aliyenipokea Ujiji nikiwa na cherehani ya kuazima, anasomewa hitima, mimi nimekaa juu ya gunia la chumvi nahesabu pumzi.

Shungi bado ziko kwenye mfuko. Sijaufungua.

Utauliza pampu ya nini. Ndiyo hapo. Unakumbuka 2009 nilivyokonda, mkasema baba Kulwa ananitesa? Masikini ya Mungu, hakuwa na kosa. Ilikuwa TB. Nilimeza dawa miezi sita, nikapona, tukakubaliana na marehemu tusimwambie mtu. Unajua mambo ya watu: ukikohoa mara mbili kikombe chako kinawekwa pembeni. Lakini mapafu yalibaki na makovu. Miaka minne hii pumzi ikaanza kukatika, ndoo moja kutoka bombani napumzika mara tatu. Nikapimwa makohozi, hakuna kitu. Nikapimwa tena, hakuna. Nikapigwa picha, nikapulizishwa kile kimashine cha kupimia pumzi mpaka nikaona nyota, daktari akasema, "Mama, TB huna. Una makovu, na njia za hewa zimebana. Hazitarudi kama zamani, ila tunaweza kuzuia zisizidi." Akauliza nilivuta sigara miaka mingapi. Nikamwambia sijawahi hata kuishika. Akauliza nimepikia kuni miaka mingapi. Hapo nikacheka, maana ni kama kuniuliza nimetembea miaka mingapi. Tangu nina miaka saba. Na ongeza Urambo, nilipoolewa, tunakesha kuchochea bani la kukaushia tumbaku kuanzia Januari mpaka masika yaishe, bomba linavuja, macho mekundu, asubuhi unakwenda shamba. Na baba yangu mrina asali, anarudi nyumbani ananuka moshi, tunamkimbilia. Mimi ile harufu naipenda mpaka leo, ndiyo balaa.

Sasa miezi hii ya kiangazi ndiyo imenifunga ndani. Huyu anasafisha shamba, yule anachoma pori ng'ombe wapate majani mabichi, mwingine ana tanuri la mkaa, na jirani yangu huyu, Mungu amsamehe, anachoma takataka na mifuko ya nailoni humo humo. Kipimo changu ni tangi la maji la shule. Nikifungua mlango asubuhi nikaliona vizuri, natoka. Nikiona kivuli tu, siku hiyo mimi ni wa ndani. Usiku wa ubaridi moshi unalala chini. Jua likipanda saa tano nao unapanda, ndipo nafungua dirisha kidogo. Kama pori linalowaka liko karibu, hata saa tano haisaidii.

Nilianza kwa ujinga. Wiki ya kwanza niliziba kila tundu kwa vitambaa, nikaona nimeshinda, nikaingiza jiko la mkaa chumbani nichemshe chai. Kichwa kikapasuka, mjukuu akatapika. Nesi alinisema mpaka nikaona haya: umekimbia moshi unaouona, ukajifungia na hewa ya mkaa isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua watu usingizini. Siku hizi nina mtungi wa gesi wa kilo sita. Maharage, nakiri, bado yanakwenda kwenye mkaa, ila nje, na mke wa Kulwa ndiye anayeyaangalia.

Ukiniona utacheka. Nesi huyo huyo alitoboa tako la chupa ya maji ya nusu lita, akachomeka pampu, mimi nanyonya kwenye mdomo wa chupa. Dawa inatulia kwanza humo, inaingia kifuani, haigongi kooni ikaishia hapo. Watoto wa mtaa wanasema bibi anavuta bangi ya kizungu. Kitambaa puani nacho nilijaribu, khanga imelowa maji. Mimi ni fundi, Mwajabu, naijua nyuzi ya khanga. Daktari kaniambia chembe za moshi zile mbaya, unywele mmoja unazizidi unene kama mara thelathini. Kwa chembe hiyo khanga ni lango la uwanja wa mpira. Barakoa ile ngumu ya kikombe inazuia, lakini mimi nikiivaa ni kama nabeba gunia kupanda mlima, naivaa kufika msalani na kurudi.

Haya yote navumilia. Lisilovumilika ni misiba. Wewe unajua kwetu, hakuna anayekumbuka mchango wako ni shilingi ngapi. Wanakumbuka ulikuwa jikoni au hukuwa. Mimi nilikuwa mtu wa sufuria kubwa, pilau la watu mia mbili, naonja chumvi kwa moshi usoni. Sasa natuma bahasha na mjukuu. Msiba wa kina Hamisi, nyumba ya tatu tu kutoka kwangu, nilikaa dirishani nawasikia wanawake wanaimba kaswida na kuni zinapasuka, nimeziba dirisha kwa shuka. Mama Shabani kasema hadharani kwamba mimi nimepata gesi nimeona moshi wa wenzangu unanuka. Sikumjibu. Ningejibu nini? Nikisema kifua, watasema ile TB. Nikinyamaza, nina maringo. Nimechagua maringo, mwenzangu. Nilidhani ni nafuu, mpaka nilipoisikia ile sawa yako.

Redioni nasikia serikali inataka ifikapo 2034 watu asilimia 80 wapikie nishati safi. Nimepiga hesabu ya umri wangu nikanyamaza.

Sasa kikohozi chako. Usinijibu ni vumbi. Changu kilianza hivyo hivyo: kikavu, asubuhi, unasema ni moshi, na kweli ni moshi. Wewe unachemsha chikichi pale bandani mara ngapi kwa wiki? Banda lenyewe Saidi aliliezeka akashusha paa mpaka unaingia umeinama. Mimi siwezi kukwambia uache mawese, ndiyo yaliyosomesha watoto. Lakini toa mafiga nje ya banda, hata ikiwa ni kwa kiangazi hiki tu. Kuni zikauke kwanza, mbichi ndiyo mama wa moshi. Saidi achochee naye, mikono anayo. Na yule mtoto wa Tatu usimbebe mgongoni ukiwa kwenye pipa, nakuomba. Kikipita wiki mbili kapime makohozi, hospitali ya serikali hawatozi kitu. Wakisema si kifua kikuu usirudi nyumbani ukashangilia kama mimi, waombe wakupulizishe kile kimashine kama kipo. Nakuamrisha kama mke mwenza, najua. Nisamehe.

Nilitaka kusema jambo jingine kuhusu mama, kuhusu siku ile ya cherehani, lakini nimelianza mara mbili nikalifuta. Tutaongea.

Nafikiria kuja Desemba, mvua zikishika. Pori likilowa hakuna wa kulichoma, njia inakuwa safi mpaka Uvinza. Naweza kulala chumba cha mbele, mbali na jiko? Mtanicheka? Kaburi la mama linafikika mvua ikinyesha, au tope? Saidi bado ananuna, au aliyenuna ni wewe peke yako? Mabinti wale saba bado wako, au wameshaolewa wakaacha kichwa kinenepe? Nipe vipimo. Na kikohozi, usiku kinakuamsha? Ukipanda kile kilima cha Bangwe unasimama njiani? Nijibu ukweli, mimi wangu nimekwisha kukupa.

Shungi nampa kondakta kesho, pamoja na dumu la asali ya lita tatu. Kama dumu linarudi, nijazie migebuka, ile iliyobanikwa ikawa myeusi. Moshi wa kula sijakatazwa.

Wako,
Mama Kulwa