Kobayi halishwake pumba tupu kama kuku

Bwana muhariri,

Ile makala yenu juu ya kufuga kobayi (cochon d'Inde, kale kanyama kadogo bila mukia) nimeisoma yote, sehemu ya kibanda iko muzuri sana, lakini pale mulisema wakati wa kiangazi mutu anaweza kuwapatia pumba ya mahindi na mabaki ya ugali tu sawa na kuku, pale hapana kabisa, batoto ba huku Kadutu watamaliza wanyama wao.

Kuku, mbuzi, sungura, hata panya wa mu nyumba, wote wanajitengenezeaka vitamini C. Kobayi hapana. Kwa mbuzi na panya iyo kazi inafanyikia mu ini, sukari inageuzwa hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho inahitaji anzimi moja (protini yenye kufanyisha kazi ya kugeuza vitu mu mwili) yenye wanaita GULO kwa kifupi. Jeni yake ilikamatwa Japani na timu ya Nishikimi mu 1988: walitoa mu ini ya panya ile ARN yenye kubeba ujumbe wa jeni, wakaigeuza kuwa ADN, wakaiingiza mu bakteria ili izalishwe kwa wingi, kisha wakaisoma herufi kwa herufi. Halafu njo wakatumia ile ya panya kutafutia mwenzake kwa wanyama wengine, na kwa kobayi wakaikuta imebomoka, kipande cha kwanza na cha tano hakuna kabisa. Kwa mutu nayo iko, ku kromozomu ya 8, lakini imekufa, hiyo walitangaza 1994. Tena uharibifu wetu hauna uhusiano na wa kobayi, wetu tunaugawana na sokwe na ngagi, ni wa zamani sana, mamilioni ya miaka. Ngagi wa kule mbuga ya Kahuzi-Biega hana shida yoyote juu anashinda akikula majani mabichi.

Na iyo chakula munashauri imeshajaribiwa! Mu 1907 kule Norway, Holst na Frølich walilisha kobayi nafaka na mikate bila kitu kibichi, wakapata kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C), lakini wenye walipewa kabichi ao maji ya ndimu hawakukipata.

Huku kwetu wanafunzi wananiambiaka kobayi "imekufa miguu": magoti yanavimba, ukimugusa analia, anajikunja mu kona hataki kutembea, ufizi unatoka damu, na jirani anasema amekula sumu ya panya ao kuna mutu amemuloga. Kumbe njo kile kiseyeye: wiki mbili tatu bila majani zinatosha kukianzisha.

Basi tafazali andikeni mu toleo lenye kuja kama pumba ni ya kuongezea tu, majani mabichi ni kila siku. Si lazima kununua, jioni ku soko ya Kadutu majani ya kabichi yanatupwa chini, na majani ya viazi vitamu yako kila pahali. Yapewe mabichi ivyo ivyo, ukiyapika ao ukiyaanika sana ile vitamini inapotea.

Mwalimu wa biolojia, Kadutu, Bukavu