Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Lamu: Mofini ivuke maji

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Siyu, kisiwani Pate, miezi minne tangu nimzike mama.

Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Hospitalini tuliambiwa imeshaenea, tumrudishe nyumbani. Hilo halikuniuma. Mwenyewe alitaka kufia kitandani pake, akisikia adhana ya msikiti wa mtaa wake. Kilichoniuma ni kuwa tulirudi na panadol tu. Maji yakipwa, boti haifiki Siyu; na hata yakijaa, utampakiaje botini mtu ambaye kumgeuza ubavu tu ni mayowe? Majirani walikesha naye kwa zamu, wakimwosha, wakimsomea Yasin. Mapenzi hayakukosekana. Dawa ndiyo iliyokosekana.

Nayo si dawa ya ajabu. Mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ikiwa ya maji hutengenezwa kwa kuchanganya unga wake na maji safi. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, na kipimo huongezwa kidogo kidogo hadi maumivu yatulie. Uganda wanaipeleka majumbani tangu miaka ya 1990, na tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa dawa hiyo wenyewe. Nairobi ina hospisi, yaani kituo cha kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, tangu 1990, na Mombasa ipo nyingine. Sisi wa visiwani tunazisikia tu.

Wapo wanaosema mofini itamlevya mgonjwa au itamuua haraka. Ikitolewa kwa kipimo na mtu anayeijua, haimharakishi mtu kufa. Shida yake ya kawaida ni choo kigumu, na hicho kina dawa.

Lipo na la kwetu wenyewe, nalo naliandika kwa uchungu. Mama tulimficha. Daktari alimwita kaka yangu kando, nasi tukakubaliana kumwambia mama ni vidonda vya tumbo. Wiki ya mwisho akaniuliza: "Mwanangu, mbona mnanificha safari yangu?" Alikuwa na amana za watu, alikuwa na dada yake Kizingitini aliyetaka kupatana naye. Siku za kuyafanya hayo tulimpotezea sisi. Muuguzi aliyefunzwa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa maradhi mazito, angetuketisha mapema akatuonyesha namna ya kusema kweli kwa upole.

Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, na tangu 2013 hospitali na zahanati zetu ziko mikononi mwa kaunti. Ninaloomba ni dogo: wauguzi wawili wafunzwe, mmoja akae Lamu na mmoja Faza, huku kisiwani Pate, mofini iwekwe huko chini ya kufuli na daftari, na wapewe nauli ya boti wawafuate wagonjwa majumbani.

Mtaa wa pili kuna mzee anaugua hivi sasa. Jana baada ya isha nilikwenda kumjulia hali, nikamsikia nikiwa bado njiani. Kwake, mwaka ujao wa bajeti uko mbali mno.

Wako,
Mkazi wa Siyu