Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwa Wasimulizi wa Kundi

Ndugu wasimulizi, nanyi wasomaji mnaolifuata sura kwa sura kundi la Bonde la Theluji, yaani kundi la mbwa mwitu wa nchi za baridi (si mbwa mwitu wa mbuga zetu) katika hadithi tunayoiandika pamoja, pokeeni salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Nairobi. Shule zimefungwa, mvua za vuli zinakatika, nauli za mabasi ya kwenda magharibi zimepanda kama ilivyo ada ya Desemba, na wengi wenu mmeshafunga mizigo. Mlio njiani mfike salama. Mnaobaki kazini, wauguzi wa zamu, mabawabu, wapishi wa hoteli, sikukuu iwakute na afya, na mpate walau siku moja ya kupumzika kabla Januari haijaanza kudai karo.

Tumeona tusitume salamu tupu. Desemba ndio mwezi mwafaka wa kuzungumza juu ya sheria za kundi, kwa sababu ndipo kundi limetimia. Watoto waliozaliwa Aprili sasa wana miezi minane. Meno ya utotoni yameng'oka, kimo kimekaribia cha wazazi, na hawaachwi tena nyuma na mlezi. Kaka na dada zao wa mwaka uliopita bado hawajaondoka. Kwa kundi letu hesabu ni tisa: mama na baba, vijana watatu wa mwaka jana, watoto wanne wa mwaka huu. Ikifika Machi huenda wakabaki sita au saba. Anayetaka kuandika sura yenye jamii nzima mahali pamoja, aiandike sasa.

Na jamii ndilo neno tunalotaka kulikazia msimu huu. Sura nyingi za mbwa mwitu huandikwa kana kwamba kundi ni jeshi: dume mmoja mwenye mabavu juu, watumwa chini, na kila usiku yupo anayepanga mapinduzi. Picha hiyo ina chanzo chake. Mwaka 1947 mtafiti Schenkel alichapisha aliyoyaona kwa mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Ndani ya uzio, asiyepatana na mwenzake hakuwa na pa kwenda, basi waligombana mpaka mmoja akamtawala mwingine. Mmarekani David Mech aliieneza dhana hiyo katika kitabu chake cha 1970. Kisha, kuanzia 1986, alikaa karibu na kundi la porini katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, na mwaka 1999 akaandika kuisahihisha. Porini kundi la kawaida ni mume, mke na watoto wao wa mwaka huu, wa mwaka jana, pengine wa mwaka juzi. Mama na baba wanaongoza kwa sababu ndio waliowazaa waliobaki. Hakuna pambano walilolishinda ili wawe wazazi.

Ukilishika hilo, desturi nyingine zinaeleweka. Kijana akimkaribia baba huinamisha mwili, hushusha mkia na kumlamba pembeni mwa mdomo. Msimwandike kama mtumwa anayeomba asiuawe. Ni kitendo kile kile alichokifanya akiwa na umri wa wiki chache, alipolamba mdomo wa mkubwa aliyerudi mawindoni ili amtapikie nyama. Heshima yake imezaliwa na ombi la chakula.

Tuje kwenye nyama, maana hapa ndipo makosa huwa mengi. Mbwa mwitu mkubwa anaweza kula hadi kilo 9 kwa mlo mmoja, kisha akakaa siku kadhaa bila kitu. Tukiwapa wote tisa kiwango hicho tunapata kilo 81. Kulungu mkubwa wa nchi za baridi, yule mwenye pembe pana kama sinia, ana kilo 350 au zaidi. Kwa hiyo sura inayosema kundi letu lilimmaliza usiku mmoja inakataliwa na hesabu, hata ukitoa mifupa mikubwa. Andikeni wakila, wakilala hapo hapo, wakirudi, kwa siku tatu au nne. Tumbo hufunguliwa mapema, na ini, moyo na mapafu ndivyo vinavyotangulia. Majani yaliyomo tumboni mwa mnyama huachwa. Hufuata minofu ya mapaja, na mwishoni ngozi na mifupa, ambayo huvunjwa kwa ajili ya uboho.

Nani anakula kwanza? Mnyama akiwa mkubwa, wote wanakula pamoja, mzazi na mtoto bega kwa bega. Akiwa mdogo, au njaa imekaza, wazazi wanaishika nyama na watoto wa mwaka huu ndio wanaopewa. Vijana wa mwaka jana wanasubiri, na wakijipenyeza wanafukuzwa. Ukubwa ndani ya kundi tunauona hapa kuliko mahali pengine popote: ni mamlaka ya kuamua kwamba mdogo ashibe kabla ya kijana. Na upo mpaka mmoja ambao hata baba hauvuki kirahisi. Nyama iliyo mdomoni mwa mwenzako, au chini kabisa ya pua yake, ni yake. Kijana aliyekonda anaweza kumwonyesha mama yake meno juu ya mfupa, na mama akamwachia. Kwetu, mezani kwa Waluhya, firigisi ya kuku ina mwenyewe hata kabla kuku hajachinjwa. Msiipeleke desturi hiyo bondeni. Huko hakuna kipande chenye jina la mtu.

Msimsahau kunguru. Wale wa kaskazini ni weusi tupu, wakubwa kuliko hawa wetu wenye shingo nyeupe, na hufuata nyayo za kundi ili wale nao. Katika Isle Royale, kisiwa cha Marekani ambako mbwa mwitu wanachunguzwa tangu 1958, watafiti wamependekeza kwamba kunguru ni sababu mojawapo ya kuishi kwa makundi: tisa wanamaliza nyama mapema, lakini wawili peke yao wanapoteza sehemu kubwa kwa ndege. Dawa yao ni kuficha. Mbwa mwitu aliyeshiba huenda mbali na mzoga, huchimba shimo kwa miguu ya mbele, huitapika nyama humo na kuifukia kwa pua. Kunguru akimwona, kazi imeharibika. Sura nzima inaweza kusimama juu ya shimo moja lililoonwa, na sisi tungependa kuisoma.

Mawindo yenyewe tusiyarembe. Mech alipolifuata kundi la Isle Royale kwa ndege, kulungu wengi waliojaribiwa walinusurika. Aliyesimama imara akipiga kwato mara nyingi aliachwa. Huko Yellowstone, hifadhi ya Marekani ambako mbwa mwitu walirudishwa mwaka 1995, ilionekana kwamba uwezekano wa kumpata kulungu wa elki hupanda kadiri wawindaji wanavyoongezeka hadi wanne, kisha hauongezeki tena. Katika kundi letu la tisa, basi, wapeni wanne kazi na watano wafuate nyuma. Watoto wa miezi minane wana miili lakini hawana maarifa. Wanaanza kukimbiza kabla mnyama hajachoka, au wanasimama mbele ya kwato. Kwato huvunja mbavu, na aliyevunjika mbavu wakati wa baridi kali huenda asiione Machi.

Kuna picha iliyozunguka kwenye simu kwa miaka, ya mbwa mwitu 25 wakitembea msururu mmoja katika theluji. Maneno yanayoambatana nayo husema wagonjwa na wazee wametangulia ili waweke mwendo, na kiongozi yuko mwisho kabisa akiwalinda wote. Inapendeza sana kuitumia kwa salamu, na tunaelewa kwa nini watu huituma. Lakini si kweli. Picha ilipigwa katika hifadhi ya Wood Buffalo, Kanada, kwa kundi linalowinda nyati wa huko, na aliyetangulia ni mwenye nguvu, anayefungua njia ili wanaofuata wakanyage nyayo zake na kuokoa nguvu zao. Anayepasua theluji huchoka, akachukua mwingine. Kwa kundi letu waandikeni hivyo: mama mbele, baba au kijana mwenye nguvu wa kupokezana naye, watoto katikati ya msururu. Ukweli huu una uzuri wake, na hauhitaji kuongezewa chumvi.

Wazee wana sheria yao, na hii tunaipenda kuliko zote. Wanaokwenda mashambani wiki hii kuwaona bibi na babu wataielewa upesi. Utafiti wa Yellowstone kuhusu vita kati ya makundi ulionyesha kwamba wingi husaidia, lakini kuwa na mbwa mwitu wa miaka sita au zaidi kulikuza sana nafasi ya kushinda. Mzee hakimbii kama zamani, ila ameshaona vita vingi. Katika bonde letu tumeweka kwamba mzee asiyeweza tena kuwinda hafukuzwi kwenye nyama. Hilo la mwisho ni letu wenyewe, sheria ya hadithi, na anayeandika alijue kuwa ni hivyo.

Mpaka wa bonde huwekwa kwa harufu. Kundi likitembea huacha alama ya mkojo, kinyesi au mkwaruzo takriban kila mita 240, na alama huzidi pale linapokutana na nchi ya jirani. Mlio wa pamoja kwenye uwanda wazi unaweza kusikika hata kilomita 16. Wanalia mwezi ukiwepo na usipokuwepo, kwa hiyo punguzeni mwezi mpevu. Umeshatumika vya kutosha.

Kuondoka ndiyo sheria ngumu. Kati ya mwaka mmoja na mitatu, karibu kila kijana huenda zake, dume na jike. Mara chache ni ugomvi tu. Njaa huchangia, na msimu wa ndoa huchangia, kwa sababu ndani ya jamii hakuna wa kuoa: ndugu na wazazi huepukana. Kijana anaweza kutoka, akarudi baada ya wiki, akatoka tena. Akiingia nchi ya wengine anaweza kuuawa, na kuuawa na makundi jirani ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo pale binadamu asipowawinda. Akimpata mwenza na mahali pasipo na mwenyewe, hapo kundi jipya limeanza, wakiwa wawili tu. Mkimwandika dada mkubwa anayetoka, msimpe hotuba. Mwacheni alale mbali kidogo na wenzake siku kadhaa kabla.

Wapo wanaotuuliza kwa nini watu wa Nairobi tuandike juu ya mnyama wa theluji. Jibu moja liko karibu. Bweha wa dhahabu wa hapa Kenya alidhaniwa kwa muda mrefu kuwa spishi moja na bweha wa Asia. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wa Afrika ni spishi ya peke yake, iliyo karibu zaidi na mbwa mwitu. Naye pia huishi mume na mke, na watoto wakubwa hubaki kuwalea wadogo. Atakayepita mbugani likizo hii na kuwaona wawili wakitembea pamoja asubuhi, atazame ni nani anayesimama kumngoja mwenzake, kisha atuandikie.

Baada ya sikukuu kazi inaendelea hivi. Januari: mama na baba wanaanza kulala karibu, na alama zao za mkojo zinawekwa moja juu ya nyingine. Katikati ya Februari: ndoa. Mimba ni siku 63, kwa hiyo tarehe 15 Februari inatupa tarehe 19 Aprili, au 18 ikiwa Februari ina siku 29, na pango liwe limeshachimbwa au la zamani limesafishwa wiki kadhaa kabla. Watoto wawe wanne hadi sita, vipofu na viziwi. Macho yafunguke wiki ya pili, watoke mlangoni wiki ya tatu. Asiandikwe mtoto anayezaliwa Krismasi. Anayetaka sura ya mama akichagua pango aseme mapema, na sura ya yule dada anayeondoka bado haina mwandishi.

Heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya uwakute wazima.